Louis Braille, mtoto wa fundi ngozi aliyewapa wasioona kalamu

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru huuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ikiteremka mitoni na kupanda tena, huku na huku ni migomba, kahawa na chai. Mimi nilikuwa nakwenda Meru mjini kuhani kwa wakwe zetu. Pale Runyenjes alipanda kijana mmoja aliyevaa sare ya shule, akaketi ubavuni mwangu, akaikunja fimbo yake nyeupe na kufungua juu ya mapaja kitabu kikubwa mfano wa sinia. Jua lilituchwea kabla hatujafika Chuka, na taa ya ndani ya basi ilikuwa mbovu. Nikakunja gazeti langu. Yeye akaendelea kusoma, vidole vikitambaa juu ya karatasi gizani.

Alinieleza kuwa anarejea Igoji, kwenye shule ya wasioona ya Mtakatifu Lusia. Nikamwuliza maandishi yale ya nukta yalianzia wapi. Akanitajia jina moja tu, la Mfaransa aliyekufa zamani, na jina hilo ndilo lililonifanya nitafute habari ninazokuandikia leo.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809 katika kijiji cha Coupvray, kilomita 40 hivi mashariki ya Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Wale wanaowajua washona makubadhi wa kwetu watakielewa kiwanda chake mara moja: harufu ya ngozi, visu, na ile sindano nene ya kutobolea iitwayo msharasi. Mtoto alipokuwa na miaka 3 aliuchukua msharasi akataka kufanya kama babake. Ukateleza, ukamchoma jicho. Jicho likaoza, na maradhi yakaliingia na la pili. Alipotimia miaka 5 hakuona tena kitu chochote.

Siku zile Ulaya haikuwa na huruma kubwa kwa watu kama hao. Mwaka 1771, katika soko la sikukuu mjini Paris, vipofu walivalishwa kofia ndefu za kuchekesha na miwani mikubwa isiyo na kazi, wakapewa fidla wapige ovyo ili watu wacheke. Bwana mmoja aitwaye Valentin Haüy aliliona jambo lile, likamchoma moyo, na baadaye akafungua Paris shule ya watoto wasioona. Huko ndiko alikopelekwa Louis mwaka 1819, umri wake miaka 10. Kabla ya hapo wazazi wake hawakumficha ndani. Walimwacha atembee kijijini kwa fimbo, na akasoma katika shule ya kawaida pamoja na watoto wanaoona. Kwa wakulima na mafundi wa zama zile, hilo si jambo dogo.

Shule ya Paris ilikuwa na vitabu, lakini vichache na vizito mno. Haüy alichukua herufi zile zile za wanaoona akazikandamiza kwenye karatasi mpaka zikainuka, mtoto azipapase moja moja. Kufika mwisho wa mstari ilikuwa kazi, na mwanzo wake umekwisha sahaulika. Tena kulikuwa na kasoro kubwa zaidi: mtoto aliweza kusoma kidogo, lakini kuandika hakuweza kabisa. Herufi zile zilihitaji kiwanda cha kuzichapa.

Kisha alitokea Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, akaleta mtindo wa kuandika kwa nukta zilizoinuliwa. Ulikuwa na nukta 12 kwa alama moja, nyingi kuliko upana wa ncha ya kidole, na ulifuata sauti bila kujali tahajia. Louis aliushika akiwa na miaka 12 hivi, akaufanyia kazi usiku wenzake wakilala, na likizo akiwa kwao Coupvray. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amemaliza. Nukta 12 zilikuwa 6, safu mbili za tatu tatu, na kidole kimoja huzifunika zote kwa mguso mmoja. Kutokana na nukta 6 hupatikana alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu, na hata noti za muziki. Kitabu cha kuueleza mtindo huo kilitoka mwaka 1829.

Kifaa chake ni kibao chenye vidirisha vidogo na sindano fupi yenye mpini. Sindano hiyo, kwa umbo, ni ndugu yake msharasi. Na liko jambo ambalo nadhani litawafurahisha wasomaji wangu waliopita chuoni: mwandishi hutoboa karatasi kuanzia kulia kwenda kushoto, kama sisi tuandikavyo Kiarabu, halafu huigeuza na kuisoma kutoka kushoto. Breli ya Kiarabu nayo husomwa hivyo hivyo, kushoto kwenda kulia, na misahafu ya breli ipo.

Louis akawa mwalimu katika shule ile ile, na mpiga kinanda kanisani. Wanafunzi waliupenda mtindo wake. Wakubwa hawakuupenda. Mwaka 1840 mkuu wa shule aliyemuunga mkono aliondolewa, na aliyemfuata, Dufau, akaupiga marufuku, na inasimuliwa kuwa vitabu vilichomwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba maandishi hayo yangewatenga vipofu na watu wengine. Mimi naona hofu ilikuwa nyingine. Mwalimu anayeona hakuweza kuyasoma bila kujifunza upya, na watoto waliweza kuandikiana mambo asiyoyajua. Hata hivyo watoto waliendelea kwa siri, na baada ya miaka michache marufuku ikalegea.

Hapo nasimama kidogo, maana nina langu la kueleza. Sisi wa pwani tuliolelewa na Sura ya Abasa hatuna udhuru wa kumdharau asiyeona. Twajua Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa mwadhini Madina. Ami yangu mzaa baba hakuwa akiona, na alikuwa amehifadhi Kurani yote. Watu walimbusu mkono. Lakini hakupelekwa shule, na barua zake nilizisoma mimi, mtoto wa miaka 11. Siku moja ilikuja barua kutoka kwa ndugu yao aliyekuwa ng'ambo, kuhusu mirathi ya shamba la minazi. Kabla sijamsomea, mkubwa mmoja wa nyumba aliniita kando akanionesha mstari wa kuruka. Nikauruka. Ami alisikiliza mpaka mwisho, akaniombea dua kwa kumsomea vizuri.

Heshima tulimpa, naam, na haki yake ikampita mbele ya masikio yake.

Louis Braille aliugua kifua kikuu miaka mingi. Alifariki dunia tarehe 6 Januari, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Wanasimulia kuwa aliacha kijisanduku akausia kichomwe bila kufunguliwa. Kilipofunguliwa zilikutwa hati za madeni: fedha alizowakopesha wanafunzi wake, ambazo hakutaka wadaiwe. Hakuwaona serikali wakiukubali mtindo wake; hilo lilikuja mwaka 1854. Mwaka 1952 mifupa yake ilihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa wakubwa wa Ufaransa, ila mikono yake ikabakishwa Coupvray.

Kwetu Kenya, shule za wasioona zipo tangu miaka ya 1940, ilipoanzishwa ile ya Thika. Likoni iko yetu, na Igoji iko hiyo ya kijana wangu. Sheria ya watu wenye ulemavu ilitoka mwaka 2003, ikazitaka hata stesheni za televisheni ziweke lugha ya ishara katika habari. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inataja haki ya kuitwa kwa jina lisilodhalilisha, haki ya kusoma pamoja na wengine, na haki ya kutumia breli. Maneno hayo mazuri yamepigwa chapa kwa wino, na ukurasa huu unaousoma nao ni wa wino. Ami asingeweza kuusoma peke yake.

Tulipokaribia Igoji kijana alianza kufunga vitu vyake. Nilimwomba aniandikie jina la marehemu ami. Akatoa kibao, akatoboa kwa haraka, sauti yake kama mvua ya kwanza juu ya bati, akanipa kipande cha karatasi na kushuka. Ninacho mpaka leo. Kidole changu bado hakijajua kukisoma, lakini nimekwisha agiza kibao na sindano, na mjukuu wangu anataka tujifunze pamoja.