Leonard Horner: Mkaguzi aliyetetea kinga za mashine viwandani

VIWANDA vya pamba vya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, vilikuwa fahari ya taifa hilo katika karne ya 19. Hata hivyo, kwa wengi waliovitumikia, wakiwemo watoto, vilikuwa pia mahali pa kupotezea kidole, mkono au uhai. Shafti zilizozunguka juu ya vichwa vyao zilinasa nguo na nywele, zikamvuta mtu kabla ya mashine kuzimwa.

Leonard Horner, aliyezaliwa Edinburgh, Uskoti, mnamo Januari 17, 1785, hakuwa mgeni wa biashara. Babake aliuza vitambaa vya kitani, naye akaifanya kazi hiyo ujanani. Baadaye alikuwa mwanajiolojia mashuhuri. Mnamo 1821 alianzisha shule ya kuwafunza mafundi, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Heriot-Watt.

Bunge la Uingereza lilipoamua mnamo 1833 kuwepo wakaguzi wanne wa viwanda, Horner akawa mmoja wao. Alidumu kazini hadi 1859.

Sheria hiyo ilishughulikia umri na saa za kazi, si mashine. Ni ile ya 1844 iliyowalazimu wenye viwanda kuweka kinga kwenye magurudumu na shafti, na kuwakataza watoto kusafisha mitambo inayozunguka. Ajali nazo zikatakiwa kuripotiwa.

Mnamo 1854, wakaguzi walianza kusisitiza kwamba hata shafti za juu zikingwe. Matajiri walikuja juu. Walidai kuwa zilizo zaidi ya futi saba kutoka sakafuni hazikuwa na hatari, na mwaka uliofuata wakaunda chama cha kupinga agizo hilo. Horner alishikilia kuwa mikanda ya mashine iliweza kumnasa mfanyakazi na kumrusha hadi juu huko. Licha ya ripoti zake, mnamo 1856 bunge liliilegeza sheria.

Horner alifariki Machi 5, 1864. Miaka mitatu baadaye, Karl Marx alimsifu katika kitabu chake cha Kapitali kwa utumishi wake kwa wafanyakazi.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kiwanda kukinga sehemu hatari za mashine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya; mkono uliokatwa haujengwi.