Dk. Burkitt na uvimbe wa taya kwa watoto

Mzazi, ukiona taya la mwanao limevimba na meno yanalegea, usidhani ni jino tu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911 na kupoteza jicho moja utotoni, alikutana na mtoto wa namna hiyo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Akaanza kuwapiga picha wagonjwa, kuwahesabu na kuwaweka kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali. Ramani ilionyesha kuwa saratani hii hufuata sehemu zenye joto, mvua na malaria. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa, ilikuwa nadra.

Upasuaji haukufaa, lakini dawa ziliyeyusha uvimbe na baadhi ya watoto wakapona. Burkitt alifariki mwaka 1993.

Leo altrasaundi na kipimo cha CT huonyesha ukubwa wa uvimbe kabla na baada ya dozi, ili daktari ajue kama dawa inafanya kazi au ibadilishwe. Wewe uliyeko Chwaka, usingoje: uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Mpeleke mtoto kituo cha afya, uulizie rufaa ya Mnazi Mmoja.