Bwana Karibu wa Chini ya Paris

Sisi watu wa Pwani hulichagua jina la mtoto kwa hadhari, kwani wazee wetu walituambia kuwa jina humfuata mwenyewe kama kivuli. Nami kila nisikiapo habari za mji wa Paris humkumbuka bwana mmoja ambaye jina lake, kwa lugha yetu, lingekuwa Karibu. Fulgence Bienvenüe ndiye huyo. Wenyewe huliandika kwa vitone viwili juu ya herufi moja, lakini sikioni ni neno lile lile la kumlaki mgeni. Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa reli ipitayo chini ya mji ule, ambayo Wafaransa huiita metro.

Alizaliwa Januari 27, 1852 huko Uzel, mji mdogo wa Brittany, pande za magharibi ya Ufaransa. Akasoma hata akatoka injinia wa serikali, wa barabara na madaraja. Mwaka wa 1881, akiwa katika kazi ya kujenga reli huko Normandy, alipatwa na ajali ya treni, mkono wake wa kushoto ukabidi kukatwa. Umri wake ulikuwa miaka 29. Mwingine angaliomba kazi ya mezani, na nani angalimlaumu? Yeye hakuiacha reli.

Alipohamia Paris mwaka wa 1886 alikuta ugomvi mkongwe. Serikali ilitaka reli ya chini iungane na reli kubwa za nchi nzima. Baraza la mji lilitaka reli ya wenyeji, ya kuwapeleka kazini na kuwarudisha nyumbani. Ugomvi huo ulikula miaka mingi, na hali London ilikuwa na reli yake ya chini tangu 1863. Baraza liliposhinda, lilifunga na komeo kabisa: mabehewa yakafanywa membamba, mita 2.40 tu kwa upana, na mahandaki yakachimbwa kwa kipimo hicho, ili treni kubwa zikitaka kupita zisiweze. Nikifikiri jambo hili hucheka peke yangu. Ni kama mtu aliyejenga mlango mwembamba ili ng'ombe wa jirani wasimwingilie.

Bienvenüe akakabidhiwa kazi. Machimbo yalianza mwaka wa 1898, na Julai 19, 1900, mwaka wa maonyesho makubwa ya dunia mjini humo, njia ya kwanza ilifunguliwa, kutoka Porte de Vincennes hadi Porte Maillot, kilomita 10 na kidogo. Mwenyewe akaitungia treni hiyo ya umeme mshororo wa Kilatini. Kwa hilo nampenda.

Lakini habari ya jina lake siwezi kuiandika kwa tabasamu tupu. Jioni ya Agosti 10, 1903, treni iliyokuwa tupu ilishika moto katika njia ya pili kwa hitilafu ya umeme. Treni nyingine nyuma yake, iliyojaa watu, ilisimama stesheni ya Couronnes. Abiria waliambiwa watoke. Wengine wakasita, wakitaka kwanza warudishiwe nauli. Moshi ukawafikia. Taa zikazimika, na gizani wengi wakakimbilia mwisho wa stesheni usio na mlango. Moto huo uliua watu 84. Nauli yenyewe ilikuwa senti chache tu. Mtu ataniambia kuwa treni na umeme vilikuwa mikononi mwa kampuni, na kazi ya Bienvenüe ilikuwa mahandaki na stesheni. Ni kweli. Lakini maiti wale walitolewa ndani ya nyumba aliyoijenga Karibu. Baadaye taa za stesheni zikatengwa na umeme wa treni, na njia za kutokea zikawekewa alama zenye mwanga.

Kazi yake inayonishangaza zaidi ni ile ya njia ya nne, chini ya mto Seine. Makasha makubwa ya chuma yaliundwa ukingoni, yakaelea hadi mahali pake, yakazamishwa, handaki likiwa ndani yake. Penye Saint-Michel ardhi ilikuwa tope isiyochimbika. Basi wakaipenyeza mabomba yenye maji ya chumvi yaliyopozwa mno, tope ikaganda ikawa ngumu kama jiwe, wakaichimba. Njia hiyo ilivuka mto Januari 1910, na mwezi huo huo Seine ikafurika, maji yakamiminika mahandakini. Wakayavuta kwa pampu, wakaanza tena.

Alistaafu mwaka wa 1932 akiwa na miaka 80. Mwaka uliofuata stesheni moja ilipewa jina lake, naye mwenyewe akihudhuria. Alifariki mwaka wa 1936, akazikwa Père Lachaise. Stesheni ile iliunganishwa na jirani yake mwaka wa 1942, ikawa Montparnasse-Bienvenüe, na wageni wengi washukao hapo, wakiliona jina ukutani, hudhani kwamba mji unawakaribisha.