Rwagasore: Mwana wa mfalme aliyeanzia kwenye biashara

Burundi humkumbuka Louis Rwagasore kama shujaa wa uhuru. Ni wachache wanaojua kwamba safari yake ya siasa ilianzia kwa wafanyabiashara wa Bujumbura.

Alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV. Baada ya kusoma Antwerp, Ubelgiji, alirudi nyumbani na mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo. Lengo lilikuwa wapate mikopo na bidhaa bila kuwategemea wauzaji wa jumla wa kigeni. Waswahili wa Buyenzi walimuunga mkono.

Ushirika haukudumu. Usimamizi ulikuwa dhaifu, na mwaka 1958 ukalemewa na madeni. Hata hivyo, wafanyabiashara hawakumtupa. Wengi walihamia naye kwenye chama cha UPRONA, kilichoshinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 18, 1961.

Rwagasore akawa waziri mkuu, lakini Oktoba 13 mwaka huo huo aliuawa kwa risasi katika hoteli ya Tanganyika, Usumbura. Mahakama iliwatia hatiani mahasimu wake wa kisiasa. Burundi ilijitawala Julai 1, 1962.