Knute Rockne, mwalimu wa ekipe iliyonyimwa kiti

Kule Marekani mupira wa iniversite unaisha mwezi wa kwanza na unarudi mwisho wa mwezi wa nane. Katikati hakuna mechi, lakini maneno haiishe. Kazini, kwa kinyozi, ndani ya baa, watu wanabishana: ekipe gani imepoteza wachezaji, ekipe gani imepata mwalimu mupya, na zaidi sana, nani ataingia konferansi gani. Sisi tunaijua ile homa. Hapa kwetu pia, Mazembe na Lupopo zikipumzika, midomo haipumzike. Lakini kule kuna ulizo moja lenye kurudi tangu zamani sana: Notre Dame itaingia konferansi ao itabaki inje? Kwa kuelewa lile ulizo, inafaa kujua maisha ya mutu mumoja aliyekufa mwaka 1931, Knute Rockne.

Kwanza tuelewane. Ule mupira si huu wetu. Uko na ncha mbili, wanaubeba mikononi na kukimbia nao, na wapinzani wanamuangusha chini mwenye kuubeba. Wachezaji ni wanafunzi, lakini kiwanja kinaweza kujaa kuliko cha ekipe za watu wazima wa kulipwa. Konferansi ni chama cha iniversite zenye kukubaliana kucheza pamoja, kufuata sheria moja na, siku hizi, kugawanya franga za televizyo. Mwenye kuwa ndani iko na mechi zake kila mwaka na sehemu yake ya franga. Mwenye kuwa inje anajitafutia. Sisi wa sendika ile mambo inatuingia haraka: kuna meza, kuna wenye viti, na kuna wenye kusimama mulangoni.

Rockne alizaliwa tarehe 4 mwezi wa tatu 1888 ku Voss, muji mudogo wa Norwe. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1893 kulikuwa maonyesho makubwa ya dunia nzima ku Chicago, baba akapeleka kazi yake kule, na jamaa yote ikahamia Marekani. Mutoto alikuwa na miaka 5. Alikomalia Chicago, akajifunza mupira na watoto wengine wa wahamiaji. Kiisha masomo ya sekondari franga za iniversite hazikuwako. Akaingia kazi ya posta, karibu miaka 4, akiweka akiba kidogo kidogo. Mwaka 1910, akiwa na miaka 22, njo akaenda kusoma. Wenzake wa darasa walikuwa vijana. Yeye alikuwa tayari mutu wa kazi, anajua mushahara unapatikana namna gani.

Ile iniversite ya Notre Dame iko karibu na South Bend, katika jimbo la Indiana. Ilianzishwa mwaka 1842 na padiri Mufaransa, Edward Sorin. Siku zile Wakatolika wengi wa Marekani walikuwa wahamiaji, watu wa Irlande, Polonye, Italia, watu wa viwanda na migodi, na wenye inchi wengi waliwaangalia kwa jicho baya. Rockne mwenyewe alikuwa Muprotestanti. Alibatizwa Katolika mwaka 1925 tu, akiwa tayari mutu wa jina.

Konferansi kubwa ya upande ule ilianzishwa mwaka 1896. Ilikuwa inaitwa Western Conference, leo wanaiita Big Ten. Notre Dame iliomba kuingia, ikakataliwa, na si mara moja. Mwaka 1909 Notre Dame ilipiga Michigan 11 kwa 3. Mwaka 1910 Michigan ilifuta mechi, ikisema wachezaji wawili wa Notre Dame hawana haki ya kucheza. Hazikukutana tena mpaka 1942. Maneno ya kukatalia yalikuwa ya sheria: Notre Dame haiko kali juu ya wachezaji, masomo yake hayafikie kipimo. Lakini watu wengi waliona kama kulikuwa neno lingine chini ya meza, neno la dini na la asili ya watu.

Ikawa hivi: majirani hawataki kucheza, na ekipe bila mechi inakufa. Mwalimu wa wakati ule, Jesse Harper, akaandikia ekipe za mbali. Ekipe ya jeshi, Army ya West Point, ikakubali kwa mwezi wa kumi na moja 1913. Katika vakansi ya mbele ya ile mechi, Rockne na rafiki yake Gus Dorais walipata kazi ku Cedar Point, ku ziwa la Erie. Walibeba mupira pamoja nao. Saa za kazi zikiisha wanaenda ku muchanga, mumoja anatupa, mwengine anakimbia na kudaka, siku kwa siku. Sheria ilikuwa inaruhusu kutupa mupira mbele tangu 1906, lakini ekipe mingi hazikuamini ile njia. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja, Army wakapigwa 35 kwa 13. Si Rockne na Dorais waliovumbua ile namna ya kucheza. Walionyesha tu kama mutu mwenye mwili mudogo anaweza kushinda mwenye nguvu, kama alijitayarisha wakati wengine wanalala.

Ile vakansi ya 1913 ilikuwa na habari ingine, na inatugusa sisi wa shaba. Tarehe 23 mwezi wa saba, wachimba-shaba wa kaskazini ya Michigan, upande wa Calumet na Laurium, waliingia katika mugomo pamoja na sendika yao, Western Federation of Miners. Waliomba kazi ya saa 8 na mushahara wa kufaa. Tena walikataa ile mashini ya kutobolea mwamba yenye kushikwa na mutu mumoja: mwamba ukimuangukia akiwa peke yake ndani ya shimo, nani ataita musaada? Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili, wamama wa sendika walifanyia watoto karamu ya Noeli ku Calumet, ndani ya nyumba inayoitwa Italian Hall. Mutu akapiga kelele ya moto, na moto haukuwako. Watu 73 walikufa kwa kukanyagana ku ngazi, wengi wao watoto. Mwezi wa ine 1914 mugomo uliisha, na kompanyi hazikukubali sendika.

Kutoka ule muji wa Laurium, mwaka 1916, kijana George Gipp alifika Notre Dame. Rockne alikuwa amemaliza masomo mwaka 1914 na alibaki pale akisaidia kufundisha kemia na mupira. Mwaka 1918 akawa mwalimu mukubwa wa ekipe, na Gipp akawa muchezaji wake wa kwanza. Gipp hakuwa mutakatifu: alipenda kamari na bilyari kuliko darasa, na mwaka 1920 walimufukuza masomoni kiisha wakamurudisha. Lakini kwa kukimbia, kutupa na kupiga mupira, hakuwa na mwenzake. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 1920 alikufa kwa ugonjwa wa koo na mapafu, akiwa na miaka 25. Dawa sawa penisilini haikuwako bado. Walimuzika kwao, katika inchi ya shaba.

Rockne aliendelea na njia ya Harper na kuipanua: kama mulango wa jirani umefungwa, panda treni. Ekipe yake ilitembea inchi yote. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1925 ilipiga Stanford 27 kwa 10 ku Pasadena, jimbo la California. Kuanzia 1926 ilikutana na Southern California, na ule ushindani ulidumu miaka mingi. Mwaka 1927, hawa wawili walipocheza ku Chicago, watu zaidi ya 100,000 walifika.

Na ni watu gani? Hapa njo nguvu ya Rockne. Ku New York, siku Notre Dame inacheza na Army, kiwanja kilijaa wahamiaji wa Irlande, wa Italia, wa Polonye, watu wasiokanyaga mulango wa iniversite hata siku moja. Walikuja na metro, na jina likawabakia: wanafunzi wa metro. Katika ile ekipe waliona jina lao wenyewe likitamkwa kwa heshima. Konferansi ilinyima Notre Dame kiti, na Notre Dame ikapata watu karibu kila muji wenye viwanda na migodi. Ile hakuna konferansi iliwapa, na hakuna konferansi ingeweza kuwanyanganya.

Hatusemi kama Rockne alikuwa malaika. Alijua kuuza jina lake. Mwaka 1925 alikubaliana na Columbia ya New York, kiisha akarudi nyuma. Kila mara wapadiri walimuogopa kupotea. Mwaka 1928 ekipe yake ilipoteza mechi 4 kwa 9. Mbele ya Army aliwahadisia wachezaji kifo cha Gipp na ombi lake la mwisho, wakashinda 12 kwa 6. Kama Gipp aliomba kweli, watu wanabishana mpaka leo. Mwaka 1929 alikuwa mugonjwa wa mguu, mara mingine alifundisha akiwa ndani ya kiti cha magurudumu, na ekipe ilishinda mechi zote 9 bila kucheza nyumbani hata moja, sababu kiwanja kipya kilikuwa kinajengwa. Mwaka 1930 kiwanja kikafunguliwa, na viti zaidi ya 50,000. Kwa miaka 13 alishinda mechi 105, alipoteza 12 na kutoka sawa 5. Lakini wenye kuvunjika mifupa katika zile mechi hawakuwa na mushahara. Ni katika mwezi wa saba 2025 tu, kiisha kesi ndefu, njo iniversite za Marekani ziliruhusiwa kulipa wachezaji wao wenyewe.

Rockne alikufa katika vakansi. Tarehe 31 mwezi wa tatu 1931 alipanda ndeke kwenda Los Angeles kwa kazi ya filme juu ya ekipe yake. Karibu na Bazaar, jimbo la Kansas, bawa lilivunjika hewani na ndeke ikaanguka. Watu 8 walikufa, hakuna aliyepona. Yeye alikuwa na miaka 43, aliacha mujane na watoto 4. Bawa lilikuwa la miti, na maji yalikuwa yamelegeza gundi ndani, mahali ambapo jicho halifike. Kiisha pale serikali ilikaza ukaguzi, na kompanyi zikahamia ndeke za chuma. Sisi tunaojua maana ya kushuka chini tukiamini kama mutu alikagua kamba, tunasoma ile habari pole pole. Majina ya wale wengine 7 ni watu wachache wanayajua. Lakini kila mutu anayepanda ndeke leo iko na deni kwao pia.

Sasa turudie lile ulizo. Mwaka 2024 Big Ten ilifika iniversite 18, kutoka New Jersey mpaka Los Angeles, na Southern California, rafiki wa zamani wa Notre Dame, iko ndani. Konferansi ya magaribi, Pac-12, ilipoteza ekipe 10 kwa 12, sababu kila mumoja alikimbilia franga za televizyo. Notre Dame iliingia konferansi ya ACC kwa michezo mingine mwaka 2013, lakini kwa ule mupira wa Rockne bado iko inje. Wenye kuikataa zamani, leo wangefurahi kuipokea.

Njo maana kila vakansi maneno yanarudi. Wamoja wanasema iingie, franga ziko kule. Wengine wanasema ikae, uhuru njo jina lake. Sisi tunaona hivi: Rockne hakuweza kukaa inje juu ya ukali wake peke yake. Aliweza sababu nyuma yake kulikuwa watu wa viwanda na migodi, wanalipa tiketi kwa mushahara wa jasho. Sendika pia iko vile. Kukaa inje ya meza ya wakubwa ni nguvu kwa mwenye watu. Kwa mwenye kuwa peke yake, ni njaa.