Abushiri bin Salim: Kichwa kilichowekewa zawadi

NDUGU msomaji wa Runazi, ukifika Biharamulo mjini hulikuti boma la Wajerumani bure. Safari ya dola ile kuelekea kwetu bara ilianzia pwani, na Abushiri bin Salim Al-Harthi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuizuia kwa silaha.

Alikuwa Mwarabu wa pwani mwenye mashamba ya miwa Pangani. Agosti 1888, kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Unguja, kampuni ya Kijerumani ilitwaa forodha na utawala wa pwani. Pangani ikasimuliwa kuwa watu wa kampuni waliingia msikitini na mbwa, siku za Idi ya Kuchinja. Mji ukawaka, na Abushiri akashika uongozi.

Hakuwa malaika. Januari 1889 wamisionari waliuawa Pugu, na doa hilo halifutiki kwa kumpenda shujaa. Hata hivyo alikuwa mtu wa kusemezana naye. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann aliwateka, akawaachia kwa fidia. Alisikilizana na mapadri Wafaransa wa Bagamoyo, na mwanzoni mwa 1889 hata amiri wa manowari za Kijerumani alifanya naye suluhu ya muda.

Hermann von Wissmann alipofika na askari wa Kisudani aliowakusanya Misri, suluhu ile haikudumu. Mei 8, 1889 alilivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Watu zaidi ya mia wakafa, kiongozi akaponyoka. Ndipo kichwa chake kikawekewa zawadi. Alihangaika bara, akarudi na wapiganaji wa Kimbunga, wakashindwa Yombo mwezi wa Oktoba, wakatawanyika. Desemba jumbe mmoja alimkamata akamtoa. Desemba 15, 1889 akanyongwa Pangani.

Wajerumani walimwita muasi. Haya, tuipime kesi kwa hukumu ya muasi. Kutokana na mwenendo wa Imam Ali katika vita vya Jamal, mwaka 36 Hijria, mafaqihi wetu wa Kishafii walishika kwamba muasi anayekimbia hafuatwi, majeruhi hamaliziwi, wala mateka hauawi. Wahanafi huruhusu kumfuata mwenye kundi la kurejea. Abushiri wa Desemba hakuwa na kundi, naye alikuwa mateka mikononi mwao. Zaidi ya hayo, fedha juu ya kichwa cha mtu humfanya kila mwenyeji amtazame mgeni wake kama bidhaa. Ubaya huo hubaki kijijini baada ya jeshi kuondoka.

Je, kulikuwa na faida? Bwana Heri wa Saadani hakuweka silaha chini kwa sababu ya kamba ile. Alipigana miezi mingine, hadi Aprili 1890, alipochoshwa na vita akajisalimisha, naye akasamehewa. Pwani ya kaskazini ilitulia kwa kuja kwake, kwani aliyekuwa hai aliweza kuwaamuru watu wake warejee makwao.

Somo hilo watawala hawakulishika. Agosti 4, 1905 walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, siku chache tu baada ya Maji Maji kuanza. Vita viliendelea hadi 1907, bila mtu mmoja wa kufanya naye suluhu.