Oskar Barnack: Fundi Aliyeitia Kamera Mfukoni

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Methali hii nimeisikia tangu darasa la kwanza, lakini maana yake hasa niliipata mwaka jana, tena kwa aibu. Mtakumbuka, wanachama wenzangu, kwamba jarida letu lililopita lilitoka bila hata picha moja ya ndugu zetu wa kidato cha nne waliotuaga. Wa kulaumiwa ni mimi. Nilijipiga kifua kwamba nina kamera ya babu, nikapiga picha 36 siku ya mchezo wa kuigiza na siku ya kuagana. Filamu iliposafishwa ilitoka nyeupe pe! Hata kivuli cha mtu hakikuwamo.

Wengine mlisema kamera ni kuukuu, imekufa. Hata! Kamera ni nzima. Babu yangu, ambaye aliwahi kupiga picha za harusi huku Kaloleni na Makongeni kabla sijazaliwa, aliishika, akaigeuza kichwa chini, akaicheka kazi yangu mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaanza kunisimulia habari za mtu aliyeibuni. Nami nikazidi kusoma juu yake, nikaona heri niwagawie nanyi, huku nikiwaomba radhi.

Mtu huyo ni Oskar Barnack. Alizaliwa tarehe 1 Novemba 1879 katika kijiji cha Lynow, sehemu za Brandenburg, nchini Ujerumani. Hakuwa profesa wala tajiri. Alikuwa fundi. Akiwa kijana alijifunza kutengeneza vyombo vidogo vya kupimia huko karibu na Berlin, na mwaka 1902 akaajiriwa katika kiwanda cha Zeiss mjini Jena, kiwanda kilichosifika kwa lenzi na hadubini. Kama mngemwona, mngesema ni mmoja wa mafundi wetu wa jua kali pale Kamukunji, wale wanaochukua bati, wakalipiga nyundo ko! ko! ko! na jioni likawa sanduku. Tofauti ni kwamba bati la Barnack lilipimwa kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele.

Barnack alipenda mambo mawili: kutembea milimani na kupiga picha. Lakini afya yake ilikuwa dhaifu. Alikuwa na ugonjwa wa pumu. Na kamera za siku hizo si mchezo! Zilikuwa masanduku makubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na kila picha ilihitaji bamba lake la kioo. Mtu alibeba kamera, miguu yake na mabamba mazito kama mzigo wa mkokoteni. Barnack akipanda kilima na mzigo huo, pumzi humwishia. Hapo ndipo wazo lilipomjia: kwa nini asipige picha ndogo kwa kamera ndogo, kisha aikuze picha akiwa nyumbani? Akajaribu kupanga picha nyingi ndogo juu ya bamba moja. Alipozikuza zilikuwa na chembechembe kama mchanga, hazipendezi. Wazo likawekwa kando, lakini halikufa.

Mnamo Januari 1911 alihamia kampuni ya Leitz katika mji wa Wetzlar. Huko alikabidhiwa karakana ya majaribio, na pamoja na kazi ya hadubini alishughulikia pia kamera ya sinema. Filamu ya sinema ilikuwa na upana wa milimita 35, na vitundu pande zote mbili. Barnack akaitazama, akaona dawa ya tatizo lake. Picha moja ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Yeye akailaza filamu, akaunganisha nafasi za picha mbili, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kufikia mwaka 1914 alikuwa amekwisha kutengeneza kamera ya chuma inayoingia mfukoni mwa koti. Vipimo hivyo vya 24 kwa 36 vingali vinatumika hata katika kamera nyingi za kisasa zisizotumia filamu.

Lakini mwaka huo huo Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka, kamera ikabaki kabatini. Barnack hakukata tamaa. Mto ulipofurika Wetzlar mwaka 1920, alitoka na kamera yake ndogo akapiga picha za barabara zilizojaa maji. Vita vilipokwisha, hali ya uchumi Ujerumani ilikuwa mbaya sana, pesa hazikuwa na thamani. Wengi waliona si wakati wa kuanza biashara ngeni. Hata hivyo, mwaka 1924 mkuu wa kampuni, Ernst Leitz wa pili, aliamua kwamba kamera ya Barnack itengenezwe. Mtaalamu wa lenzi, Max Berek, akaibunia lenzi kali. Mwaka 1925 ikaonyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, nayo ikaitwa Leica, yaani Leitz na kamera. Mwaka 1932 ikaongezwa kipima-umbali ndani yake. Ukichungulia kidirishani unaona sura mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka sura hizo ziwe moja, basi umelenga sawasawa.

Sasa tufike kwenye kosa langu. Kamera nyingi zilizokuja baadaye zina mlango mgongoni. Unafungua, unalaza filamu, unafunga, basi. Ya Barnack haina mlango huo. Mwili wake ni kama ala moja nzima, imara, isiyopenyeza mwanga. Kinachofunguka ni kitako tu. Filamu huingizwa kutoka chini, ikapita katika mwanya mwembamba sana, kati ya pazia la kitambaa linaloruhusu mwanga na bati linaloinyoosha filamu. Mwanya ni mwembamba kwa sababu filamu ikijikunja kidogo tu, picha itatoka na ukungu. Kwa hiyo taabu ya kutia filamu ni bei ya picha safi.

Makosa ni matatu, na mimi niliyafanya yote. La kwanza ni ulimi. Filamu ya dukani siku hizi hukatwa ulimi mfupi, kwani imekusudiwa kamera za mlango wa nyuma. Kamera hii yataka ulimi mrefu wa kama sentimita 10. Ukitia ule mfupi, sehemu pana ya filamu hukwama mwanyani na haifiki kwenye meno ya kuivuta. Vitundu huchanika, na vipande vyake vyaweza kuingia ndani ya mashine. Dawa yake ni makasi, nawe ukate katikati ya kitundu na kitundu, si juu ya kitundu.

La pili ni rili inayopokea filamu. Hiyo hutolewa nje kwanza, ulimi ukabanwa vizuri, kisha rili na kopo la filamu vikashushwa pamoja, polepole. Mimi niliiacha ndani nikawa nasukuma ulimi kwa kidole kama mtu anayepitisha barua chini ya mlango.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kutohakikisha. Ukishafunga kitako, zungusha kifundo cha kurudishia filamu taratibu mpaka kikaze. Halafu kila ukivuta filamu kwenda mbele, kitazame. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kikitulia tuli, unapiga picha hewa! Msidanganyike na kihesabio. Kile huhesabu mizunguko ya mkono wako, hakijui kama filamu imo au haimo. Changu kilihesabu hadi 36, nami nikatabasamu kama bwana harusi.

Barnack mwenyewe hakuishi miaka mingi ya kufaidi sifa zake. Alifariki tarehe 16 Januari 1936 katika mji wa Bad Nauheim, akiwa na umri wa miaka 56. Hata hivyo kazi yake haikufa naye. Leica ya babu, ambayo ni ya miaka ya 1950, yafunguliwa chini vile vile, na kampuni hiyo ingali inatengeneza kamera za filamu za kufunguliwa chini hadi leo. Mgonjwa asiyeweza kubeba mzigo aliwapunguzia mzigo wapiga picha wa dunia nzima.

Mwaka huu babu alinipa kamera tena. Alikaa kimya kando yangu huku nikikata ulimi kwa makasi ya nyanya. Nilivuta, na kifundo kikazunguka. Nimefurahi, ndiyo, lakini furaha yangu ina doa. Wale wa mwaka jana wametawanyika, wengine wako Mombasa, wengine mashambani, wengine hatujui waliko. Hawatavaa sare tena wakasimama pamoja langoni petu. Kwao naomba msamaha kupitia ukurasa huu. Nanyi mnaobaki, mkikabidhiwa jambo ambalo halirudiwi mara mbili, kitazameni kifundo.